Nachingwea na Mapatano ya Lusaka

Wahenga wetu walinena kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Methali hii hutajwa sana pindi dola kuu zinaposhindana. Lakini mwenye kuitazama historia ya nchi ya Nachingwea na Ruangwa, hata Chinongwe, ataona kwamba haitoshi kueleza yote.

Mambo ya dunia yaliifikia Nachingwea mapema. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mashamba yake. Mradi ukavunjika mwaka 1951. Katika miaka ya 1960 FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, iliifanya Nachingwea kambi yake kuu ya mafunzo. Wakufunzi wa Kichina walifundisha humo, na silaha zilitoka kwa Warusi na kwa Wachina pia, ingawa mataifa hayo mawili yalikuwa yamefarakana. Ureno, kwa upande wake, ilikuwa katika NATO tangu 1949, na Marekani iliuhitaji uwanja wa ndege wa Lajes katika visiwa vya Azores. Kwa sababu hiyo washirika wa Ureno walisita kuibana iyaache makoloni yake.

Hivyo ndivyo ushindani ule ulivyochelewesha suluhu. Ilani ya Lusaka ya Aprili 1969, iliyotolewa na nchi za Afrika Mashariki na ya Kati, ilitamka wazi kwamba mazungumzo ni bora kuliko vita, Ureno haikuitikia. Mlango ulifunguka tarehe 25 Aprili 1974, maofisa wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika, walipoipindua serikali yao wenyewe.

Hata hivyo amani haikuja mara moja. Juni 1974, mjini Lusaka, Mário Soares alitaka mapigano yasimamishwe kwanza. Samora Machel alikataa mpaka haki ya uhuru ikubaliwe. Mapatano yalitiwa saini huko huko tarehe 7 Septemba 1974, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Waliotia saini walikuwa Wareno na FRELIMO, katika mji wa Kiafrika. Si Washington, si Moscow, wala si Peking.

Hatusemi kwamba dola kuu hazikuwa na neno. Urafiki wa upande mmoja ulirefusha vita, na silaha za upande wa pili ziliwapa wanyonge nguvu ya kusikilizwa. Lakini sharti la amani lilitoka kwa wenye nchi. Nyasi ziliumia kweli, ila hazikungoja tembo wapatane ndipo ziote.