Yamuna: Uwanda uliorudishiwa maji yake

Tarehe 12 Desemba 1911, Mfalme George V alisimama mbele ya maharaja wa India, kaskazini mwa Delhi, akatangaza kwamba makao makuu ya utawala wa Waingereza yanahama kutoka Calcutta. Siku tatu baadaye, papo hapo penye mahema ya sherehe, mawe ya msingi ya mji mpya yakawekwa. Mji haukujengwa hapo. Kamati iliyoundwa mwaka uliofuata, akiwamo msanifu Edwin Lutyens, ilikuta eneo liko chini mno, lina homa, na limekaa jirani mno na mto unaofurika. Mawe yakahamishiwa kusini, kwenye kilima cha Raisina, na New Delhi ikainuka juu ya mwamba. Nchi ya chini, kati ya uwanja wa sherehe na mto Yamuna, ikabaki kwa wakulima, wafugaji na mvua za monsuni.

Watu wa huko huigawa nchi ya kando ya Yamuna sehemu mbili. Khadar ni ardhi ya chini ambayo mto huifunika na kuiachia tope jipya. Bangar ni ardhi kongwe ya juu ambayo maji hayaifikii. Mpaka kati ya hizo mbili haujawahi kukaa sana mahali pamoja. Shah Jahan alipokamilisha Lal Qila mwaka 1648, mto ulipita chini ya ukuta wa mashariki wa ngome hiyo. Baadaye ukajisogeza, ukaacha kando ya ukuta ardhi kavu ambayo leo imelaliwa na barabara kuu. Mto wa tambarare hulala kama mtu aliyechoka, akijigeuza huku na huko, na khadar ndicho kitanda chake.

Wahandisi hawakupenda tabia hiyo. Kwanza waliuchota mto huko juu: banio la Tajewala lilijengwa mwaka 1873 ili maji yaingie mifereji ya kilimo, na kazi yake ikarithiwa na banio la Hathnikund, ambalo miezi ya kiangazi huacha maji kidogo sana yaendelee kuteremka. Mwaka 1959 likajengwa banio la Wazirabad kwenye lango la kaskazini la Delhi, ili jiji lipate maji ya kunywa. Kisha yakaja matuta. Mafuriko ya Septemba 1978 yalipandisha mto hadi mita 207.49 juu ya usawa wa bahari kwenye daraja la zamani la reli, na baada ya hapo jiji likazidi kujikinga kwa udongo ulioinuliwa.

Tuta huokoa nyumba, hilo halina ubishi. Lakini ardhi inayobaki nyuma ya tuta hufa taratibu. Mafuriko yaliyokuwa yakisafisha chumvi na kuleta tope lenye rutuba hayaji tena. Maji ya chini ya ardhi yanapanda, jua linayafyonza, na magadi yanabaki juu kama unga mweupe. Karibu na kijiji cha Jagatpur, juu kidogo ya banio la Wazirabad, kufikia mwisho wa karne ya 20 palikuwa na eneo la namna hiyo. Machoni mwa afisa wa ardhi, hapo palikuwa mahali pasipo na kitu.

Neno la afisa lina uzito katika jiji lenye njaa ya viwanja. Ukingo wa Yamuna ndani ya Delhi ulikwisha kupokea vinu vya umeme na majalala ya majivu yake. Mwaka 2005 likafunguliwa hekalu kubwa la Akshardham, na kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2010 yakajengwa makazi ya wanamichezo jirani yake. Kila mara hoja ilikuwa ile ile: ardhi ipo, haitumiki. Ndiyo maana naona kwamba thamani ya kwanza ya bustani ya bayoanuai ya Jagatpur, ninayoisimulia hapa, haikuwa miti wala ndege. Ilikuwa kuwahi. Mahali paliposemwa hapatumiki palipata mwenye kupatumia, na mwenyewe alikuwa mto.

Aliyeisukuma hoja ya kuurudishia mto nafasi hiyo ni C. R. Babu, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na kituo cha chuo hicho kinachoshughulikia mifumo ya ikolojia iliyoharibika. Mshirika wake alikuwa Mamlaka ya Maendeleo ya Delhi, DDA, yaani taasisi ile ile inayomiliki na kugawa sehemu kubwa ya ardhi ya ukingo. Kuna kejeli hapo, ila bila hati ya DDA pasingepandwa hata jani. Kazi ikaanza mwaka 2002, kwenye ekari 157 zilizokwisha kutengwa na mto, na baadaye zikaongezwa ekari 300 za uwanda ambao maji bado yanaufikia.

Kwenye udongo wa magadi huwezi kuchimba shimo, kuchomeka mche na kuita waandishi wa habari. Babu na wenzake walianza na vinyonge: nyasi zinazovumilia chumvi na mimea jamii ya kunde ambayo mizizi yake hunasa nitrojeni. Nyasi zilikufa, zikaoza, zikaacha mboji. Mizizi ikapasua udongo, mvua ikapata njia ya kushusha chumvi chini. Mashimo ya maji yakachimbwa, na udongo uliotoka humo ukawa vilima vidogo. Hapo ndipo miti ilipofuata, nayo haikupandwa mmoja mmoja kama ya kando ya barabara. Ilipandwa kwa jamii: mti mkubwa pamoja na miti midogo inayokaa chini yake, vichaka vyake na nyasi zake, kwa mfano wa misitu iliyopo katika bonde zima la Yamuna.

Awamu hiyo ya kwanza, ya ekari 157, hunifanya nisite. Kuleta pembeni mwa Delhi mifano ya misitu ya bonde zima, hata ile ya vilimani, ni kazi ya makumbusho zaidi kuliko ya kuponya uwanda. Inafundisha, na wanafunzi wanaoletwa huko huona kwa saa mbili kile ambacho wangesafiri siku nyingi kukiona. Lakini khadar ya kale haikuwa msitu mnene. Ilikuwa nchi ya matete, magugu marefu, madimbwi na mchanga.

Ekari 300 za awamu ya pili ndizo zinazonishawishi. Huko mkono wa binadamu ulifanya kidogo na maji yakafanya mengi. Madimbwi yalifunguliwa ili yapokee mto unapofura na kuyahifadhi maji yakizama polepole chini, na kingo zikaachiwa nyasi na matete. Bata wa porini wenye kichwa chekundu, ambao huja Asia ya Kusini kukimbia baridi ya kaskazini, wakaanza kutua bustanini kila majira ya baridi. Mwishoni mwa 2016 akaonekana chui. Wanavijiji jirani waliingiwa na hofu, na kwa haki; akanaswa kwa kizimba na kupelekwa msitu wa mbali. Kwa wanasayansi, hata hivyo, ujio wake ulikuwa cheti ambacho hakuna ofisi ingeweza kukitoa: mla nyama mkubwa haji mahali pasipo na kitoweo.

Mfano ukasambaa hadi bustani saba za bayoanuai katika Delhi, nyingine juu ya vilima vya Aravalli ambako adui hakuwa magadi bali mti. Mti huo, ambao Waingereza waliupanda huko mwanzoni mwa karne ya 20, msomaji wa Baringo anaujua kwa jina la mathenge. Kenya uliletwa kuzuia jangwa, ukaishia kufunga njia za mifugo na kung'oa meno ya mbuzi, hata wananchi wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi.

Bustani, lakini, haijausafisha mto, wala haingeweza. Chini kidogo ya banio la Wazirabad unaingia mfereji wa Najafgarh, ambao asili yake ni mto Sahibi na leo umebeba maji taka ya nusu ya jiji. Kutoka Wazirabad hadi Okhla ni kilomita 22 tu za mto wenye kilomita 1,376, na ndizo zenye sehemu kubwa kabisa ya uchafu wake. Jagatpur iko juu ya mfereji huo, na bahati hiyo ya kijiografia haizungumzwi vya kutosha bustani inaposifiwa. Wala bustani haikuzuia uwanda kuvamiwa kwingine: Machi 2016 tamasha kubwa la kimataifa lilifanyika juu ya uwanda, upande wa chini wa jiji, na mwaka uliofuata Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaamua kwamba waandaaji walihusika na uharibifu uliotokea.

Julai 13, 2023, mto ulifika mita 208.66, ukavunja rekodi ya 1978. Maji yalifika tena kwenye kuta za Lal Qila, na mitambo ya maji ya Wazirabad ikazimwa. Matete ya khadar yaliinama, yakainuka. Kufunikwa na maji ndiyo maisha yake. Wakulima wa mboga wa kando ya mto, ambao DDA imekuwa ikiwaondoa ili kupisha bustani mpya za mapambo, walipoteza vibanda na mazao, na wengi wakahamia chini ya madaraja. Sijaelewa kwa nini mpango unaokaribisha bata na chui ushindwe kumpatia nafasi mtu anayelima matikiti kiangazi na kuondoka mvua zikianza.

Uwanda wa Yamuna ndani ya Delhi ni takriban hekta 9,700. Bustani ya Jagatpur, awamu zote mbili, haifiki hekta 190. Na maji yanayohitajika kuulisha uwanda uliobaki hayagawiwi Delhi. Yanagawiwa Hathnikund, chini ya mkataba ambao majimbo ya bonde hilo yalitia saini Mei 1994, na ambao kifungu chake kinaruhusu upitiwe upya baada ya 2025 iwapo jimbo lolote litadai hivyo.