Kabla ya Barua ya Kufukuzwa

Baba yangu mdogo alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja hapa Kampala. Asubuhi moja alipewa barua ya Kiingereza, akaambiwa arudishe sare. Yeye anazungumza Kilugbara na Kiswahili, Kiingereza hasomi. Alikuja nayo kwangu, na mimi ndiye niliyemwambia sababu: alikutwa amelala kazini.

Barua hiyo ndiyo iliyonituma kutafuta historia ya sheria yetu ya ajira. Mwaka 1990 Uganda iliridhia Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaka mfanyakazi asiachishwe bila sababu halali wala bila nafasi ya kujitetea. Hata hivyo, nchini iliendelea kutumika amri ya ajira ya 1975, ya zama za Idi Amin. Ilipita miaka 16 ndipo ikatungwa Sheria ya Ajira ya 2006.

Mwajiri anayetaka kujiandaa vizuri aanze na kifungu cha 66 cha sheria hiyo, kama kilivyotungwa. Kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, lazima amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anatarajiwa kuielewa. Ampe muda wa kutosha kuandaa utetezi, amruhusu kuja na mtu aliyemchagua mwenyewe, kisha awasikilize wote wawili. Barua ya kufukuza huja baada ya hayo yote. Akiyaruka, anadaiwa mshahara wa wiki 4, hata kama kosa lilikuwapo kweli. Kwangu mimi malipo hayo ni madogo mno. Kampuni kubwa inaweza kuyahesabu pamoja na gharama za mafuta ya gari.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kulitazama vizuri hilo neno “lugha”. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, mwaka mmoja tu kabla ya sheria hii. Kumweleza mlinzi kosa lake kwa Kiswahili kungehitaji dakika kumi na mtu mmoja wa kutafsiri, na Kampala watu hao hawakosekani.

Baba mdogo alikuwa na la kusema. Mwenzake wa zamu ya mchana hakufika, naye akalinda mchana na usiku mfululizo. Hakuna aliyemuuliza.