Mita 300: kutoka kisima cha Garissa hadi miamba ya bahari

Nimekuwa kimya kwa muda, sababu ni kazi wala si uvivu. Leo naandika historia badala ya msimbo, ingawa historia yenyewe ilianzia kwenye hitilafu ya programu.

Ninaishi Iftin, hapa mjini Garissa. Nilipewa kazi ndogo: kuchukua orodha ya visima na mabwawa kutoka ramani za karatasi, kuiingiza kwenye kompyuta, halafu dereva wa lori la maji aongozwe na simu yake mpaka mahali penyewe. Kazi ya wiki 2, nilidhani. Siku ya majaribio dereva akanipigia.

"Adeer, simu inasema nimefika. Mimi naona mathenge tu."

Nikamwomba aangalie vizuri. Akashuka, akatembea. Kisima kilikuwa nyuma yake, upande wa kusini, kama mita 300. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile.

Wenzangu wa kompyuta wanajua kwamba kosa linalojirudia kwa kiasi kilekile, upande uleule, si bahati mbaya. Ni jambo ulilolidhania bila kulikagua. Ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. GPS ya simu inatumia msingi mwingine, WGS 84. Kila msingi una wazo lake kuhusu umbo la dunia na kitovu chake. Namba zinafanana kabisa kwa sura, latitudo na longitudo, lakini ukichukua namba za msingi mmoja ukazisoma kwa mwingine, kwetu huku unapelekwa takriban mita 300 kaskazini ya mahali pa kweli, na kidogo magharibi. Hakuna ujumbe wa kosa. Programu inafanya kazi kama kawaida.

Nikarekebisha jioni ileile. Lakini usiku nikabaki na swali: huku bara dereva anapotea, anachomwa na miiba, anarudi. Je, nahodha aliye mita 300 kando ya mlango wa bandari, mwamba chini yake, usiku?

Ndivyo nilivyoanza kusoma habari za ramani za bahari, mimi mtu wa mji ambao maji yake makubwa ni Mto Tana.

Zamani kabla ya karatasi, ramani ilikuwa kichwani mwa nahodha. Mtu wa Lamu alijua kwamba mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki mpaka maji yajae. Alijua fungu lipi linaonekana maji yakitoka, na kipwa kipi hakionekani kamwe ila kwa rangi ya maji juu yake. Ahmad ibn Majid, baharia aliyetoka Julfar huko Ghuba, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari mwishoni mwa karne ya 15, na pia shairi refu la Kiarabu kuhusu njia ya pwani yetu mpaka Sofala. Ndiyo, shairi. Data iliwekwa kwenye vina ili isipotee kichwani. Mimi naliona hilo kama ubunifu mkubwa: ukisahau mstari mmoja, kina kinakuambia kuna kitu kimekosekana.

(Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Watafiti wengi wa leo hawakubali, na habari za Wareno wenyewe zinamtaja mtu wa Gujarat.)

Da Gama huyohuyo, kabla hajafika Mombasa na Malindi, alionja miamba yetu. Aprili 1498 meli yake São Rafael ilipanda juu ya fungu karibu na Mtangata, kusini ya Tanga. Maji yalipojaa ikaelea tena. Januari 1499, wakati wa kurudi, mabaharia walikuwa wamekufa wengi kiasi kwamba hawakutosha kuendesha meli zote, wakaichoma São Rafael palepale. Wareno wakaliita fungu lile kwa jina la meli hiyo.

Kazi kubwa ya kupima pwani yote kwa utaratibu ilikuja zaidi ya miaka 300 baadaye. Mwaka 1822 kapteni Mwingereza, William Fitzwilliam Owen, aliondoka kwao na meli 2, Leven na Barracouta. Alirudi mwaka 1826 akiwa na ramani mpya kama 300, za pwani ya takriban maili 30,000, ya Afrika mashariki na magharibi na visiwa jirani. Zaidi ya nusu ya watu alioondoka nao walikuwa wamekufa, wengi kwa homa.

Hebu fikiria ile kazi. Mashua ndogo inashushwa, watu wanapiga makasia kwenye mstari ulionyooka. Mmoja amekaa mbele na bildi, kamba yenye alama na chubwi la risasi mwishoni. Anarusha, chubwi linagusa chini, anasoma pima ngapi. Mwenzake anapima pembe za vilele na minara ya pwani ili ajue mashua iko wapi. Wanaandika, wanasogea, wanarusha tena. Chini ya chubwi kuna shimo dogo lililopakwa mafuta ya mnyama, linakuja juu limenasa mchanga, tope au vipande vya matumbawe. Habari hiyo haikuwa urembo. Nanga hushika kwenye tope na mchanga, lakini kwenye matumbawe huteleza au hunasa isitoke tena. Ndiyo maana kando ya namba kwenye ramani za Kiingereza kuna herufi ndogo: S mchanga, M tope, Co matumbawe. Tazama pia pima, urefu wa mikono iliyonyooshwa: wao na sisi tulikuwa na kipimo kilekile, kama mita 1.83. Leo ramani nyingi zimegeuzwa kuwa mita, na anayesoma 5 ya pima kama 5 ya mita, au kinyume chake, yuko kwenye hali ya dereva wangu, ila yeye ana meli.

Owen hakuishia kwenye kupima. Februari 1824 aliingia Mombasa, Wamazrui wakiwa wanatafuta kinga dhidi ya Seyyid Said wa Oman, naye akaiweka Mombasa chini ya bendera ya Uingereza bila idhini ya wakubwa wake. Luteni aliyemwachia mji, Reitz, alikufa kwa homa mwaka huohuo. Mwaka 1826 serikali yake ikaiacha Mombasa. Bendera ilishuka, majina yakabaki: Port Reitz, na kwenye mlango wa bandari mwamba wa Leven upande mmoja na mwamba wa Andromache upande wa pili, yote 2 majina ya meli za Kiingereza. Sidhani kwamba wavuvi wa Mombasa walikuwa wakisubiri Mwingereza aipe miamba yao majina. Hilo linaniudhi kidogo, na bado nakubali kwamba kazi ya bildi ilikuwa kazi ya kweli.

Sasa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Bildi inapima nukta moja. Kati ya nukta na nukta hakuna aliyepima, na tumbawe linaweza kusimama kama nguzo katikati. Kwa hiyo nafasi nyeupe kwenye ramani ya zamani haisemi "hapa ni salama". Inasema "hapa hatukupima". Sisi wa kompyuta tunajua tofauti ya sifuri na tupu, na ole wake anayezichanganya kwenye hifadhidata. Baharini zinachanganywa na watu waliochoka, saa 8 usiku.

Mfano wa karibuni ni meli Wakashio, iliyopanda mwamba wa Mauritius tarehe 25 Julai 2020 na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta. Kampuni iliyoikodi ilieleza baadaye kwamba meli ilisogezwa karibu na pwani ili mabaharia wapate mtandao wa simu, na ramani waliyotumia haikuwa ya kipimo cha kutosha kuonyesha maji ya karibu na nchi. Watu wa huku ambao tumewahi kupanda juu ya gari kutafuta mtandao tunaelewa sehemu ya kwanza vizuri sana.

Suala la msingi wa vipimo halijaisha pia. Ramani za zamani zilizowekwa kwenye kompyuta bila kupimwa upya hubeba makosa yao ndani ya skrini nzuri. Baadhi huandikwa onyo kwamba nafasi ya GPS isogezwe kiasi fulani kabla ya kuchorwa, na nyingine kwamba kiasi hicho hakijulikani. Kwetu jambo hili si la mabaharia pekee. Somalia ilipoishtaki Kenya mwaka 2014 kuhusu mpaka wa baharini, ilibidi kwanza ijulikane mstari unaanzia wapi pwani, karibu na Ras Kiamboni, mahali palipowekwa na Waingereza na Waitaliano baada ya Jubaland kukatwa kutoka Kenya mwaka 1925. Hukumu ya 12 Oktoba 2021 inataja nukta hiyo mpaka sehemu ya kumi ya sekunde. Kenya iliikataa hukumu. Familia nyingi hapa Garissa zina watu pande zote 2 za mstari ule.

Nirudi kwenye visima. Nimeongeza safu 3 kwenye jedwali: chanzo cha kipimo, mwaka, na msingi wa vipimo. Pasipojulikana, programu inaonyesha duara pana badala ya nukta, ili dereva ajue atafute. Mteja ameziona, akasema zinachafua skrini, niziondoe na nirudishe nukta. Nimemwambia hapana kwa sasa. Tunakutana Jumatatu, na dereva nimemwomba aje pia.