Mgumo wa Waiyaki Way

Kando ya Waiyaki Way, mtaani Westlands jijini Nairobi, umesimama mgumo mmoja wenye urefu wa jengo la ghorofa nne. Unakadiriwa kuwa na miaka mia moja. Mwaka 2020 ulipangiwa kung'olewa ili kupisha Nairobi Expressway, barabara ya kilomita 27 kutoka Mlolongo. Kwa Wakikuyu, chini ya mgumo ni mahali pa sala na sadaka, na kuukata ni mwiko. Watetezi wa mazingira walipaza sauti, na mwezi wa Novemba amri ya rais ikaunusuru.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama ushindi. Mimi hujiuliza kwa nini mti mmoja ulihitaji rais.

Nairobi imewahi kufika hapo. Mwaka 1989 ilitangazwa kwamba jengo la ghorofa 60 lingesimamishwa ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua. Alidhihakiwa bungeni, lakini wafadhili walijitoa na bustani ikabaki.

Miaka tisa baadaye ilikuwa zamu ya Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 uliotengwa rasmi tangu 1932. Iligundulika kwamba sehemu zake zilikuwa zimegawiwa kimyakimya wajenzi wa binafsi. Tarehe 8 Januari 1999, Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti, wakavamiwa na walinzi. Alipasuliwa kichwa, akaenda polisi na kutia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Agosti mwaka huo rais alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo watu hukimbia na kutembea Karura.

Mara zote tatu ramani ilichorwa kwanza, miti ikakumbukwa baadaye. Na hata 2020, kilichookolewa ni mti wenye jina. Miti mingine mingi kwenye njia ya barabara hiyo hiyo haikuwa na mwiko wa kuilinda. Ilikatwa.

Miti ihesabiwe na kuwekwa kwenye ramani kabla mhandisi hajachora mstari wake. Kuupinda mstari ungali kwenye karatasi ni kazi ya kifutio tu. Kuupinda baada ya tingatinga kufika kumetugharimu amri za marais, na damu ya mtu.