Fahamu kliniki ya kundi kwa video kwa wanaokosa usingizi

Saa nane usiku, macho makavu, na asubuhi kazi inakusubiri. Kwa watu wa hali hii, baadhi ya hospitali Marekani zina njia nyingine: wagonjwa kumuona daktari kwa pamoja, kila mtu akiwa kwake.

Inakuwaje? Watu kama 10 hivi wanaingia kwa simu au kompyuta. Daktari anapitia hali ya kila mmoja na dawa anazotumia, kisha wanajifunza kushusha msongo wa mawazo kwa kupumua taratibu, kuamka saa ileile kila siku na kutoperuzi simu kitandani. Usingizi usipokuja, unainuka. Unarudi ukianza kusinzia.

Mbinu za usingizi zinatoka kwenye tiba ya fikra na tabia. Mwaka 2016, chama cha madaktari cha ACP cha Marekani kilipendekeza ianze hiyo kabla ya vidonge kwa watu wazima wenye tatizo sugu.

Na siri? Wenzako wanakusikia, hivyo kila mshiriki anakubali kutunza siri. La ndani zaidi, mwambie daktari pembeni.

Angalizo: ukikoroma huku pumzi inakata, au ukiwaza kujidhuru, usisubiri kundi. Muone daktari haraka.