Maji ya Ngarambe na Pori Lililofuata

Kabla bunduki za Vita vya Majimaji hazijalia, kulikuwa na ziara. Tangu mwaka 1904 watu wa Umatumbi na jirani zao walikuwa wakimiminika Ngarambe, bonde la Rufiji, kwa Kinjikitile Ngwale, ambaye ilisimuliwa kwamba alichukuliwa na pepo Hongo hadi ndani ya bwawa, akaibuka kesho yake nguo zikiwa kavu. Walikwenda kuaguliwa, kuwasiliana na waliotangulia, na kupewa maji. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro Agosti 4, 1905, lakini walikuwa wamechelewa. Maji yalikwishashika njia: Omari Kinjala, Mngindo, aliyafikisha kwa Nkosi (mtawala wa Wangoni) Chabruma wa Mshope, na Ungoni ikaingia vitani. Kwa hiyo mkazi wa Mfaranyaki, kata ya mjini Songea, hawezi kueleza mji wake ulivyopata majeraha yake bila kulitaja bwawa la Ngarambe, mbali kama lilivyo.

Mgeni anayekwenda Ngarambe leo huenda zaidi kutazama tembo, maana kijiji kimepakana na pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ya kaskazini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Ataambiwa ni nyika isiyoguswa. Sikubaliani. Majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji, yakateketeza mashamba na maghala kwa makusudi, na njaa iliyofuata iliua kuliko risasi. Makadirio yanayotajwa sana ni vifo kati ya 250,000 na 300,000. Songea kwenyewe, Februari 27, 1906, viongozi na wapiganaji makumi kadhaa walinyongwa kwa mkupuo, Nkosi Mputa Gama akiwamo. Shamba lisilo na jembe huwa kichaka, kichaka kikaleta mbung'o, na pale ng'ombe na mkulima walipotoka tembo akaingia. Miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ikawahamisha watu wa Liwale kwa hoja ya malale, na Selous ikazidi kutanuka.

Atakayepinga atasema hifadhi zilitangulia vita: Gavana von Wissmann alitenga eneo la Rufiji mwaka 1896. Ni kweli, na mbung'o nao hawakuzaliwa 1905. Lakini eneo lile lilikuwa dogo mno mbele ya Selous iliyokuja kufikia takribani kilomita za mraba 50,000. Ukubwa huo ulihitaji nchi iliyopungukiwa watu. Mwingine atasema kila mahali patakatifu hufukuza watu kidogo. Miyajima, kisiwa cha Japani chenye hekalu la Itsukushima na ayala wanaozurura kati ya mahujaji, zamani kilikuwa na mwiko wa mtu kuzaa au kufa humo. Naam, ila mwiko ule ulitoka kwa waabudu wenyewe, na hekalu bado lipo na mahujaji wake. Ngarambe mwiko uliletwa na mshindi, naye aliwaondoa wenye ibada na kuacha wanyama. Kila Februari, Songea hukusanyika Makumbusho ya Majimaji, eneo la Mahenge mjini humo, kwenye kaburi la walionyongwa. Kaburi hilo na Selous viko chini ya Wizara moja, ya Maliasili na Utalii, lakini mgeni husimuliwa mauti upande mmoja na tembo upande mwingine, kana kwamba ni nchi mbili.