Vipandikizi vya sakafu ya nyonga

Vipandikizi vya sakafu ya nyonga ni vifaa, hasa wavu na utepe wa nyuzi za polipropilini, ambavyo daktari wa upasuaji huviweka mwilini ili kutegemeza kibofu, kizazi au puru pale misuli na kano zinazobeba viungo hivyo zinapolegea kwa sababu ya uzazi au umri. Utepe huwekwa chini ya mrija wa mkojo ili kuzuia mkojo usivuje mtu akohoapo, ilhali wavu huinua viungo vilivyoshuka. Kwa kuwa wavu uliopitishwa ukeni uliwaletea baadhi ya wanawake maumivu ya kudumu na kupenya ukuta wa uke, Uingereza ilisimamisha matumizi yake mwaka 2018, na mwaka 2019 Marekani ikaamuru uuzaji wake kwa tiba ya kushuka kwa viungo ukomeshwe. Hata hivyo, si kila tatizo la eneo hili huhitaji kipandikizi: katika Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999 huko Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hutibiwa fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au puru, ambalo kwa kawaida huzibwa kwa kushona tishu za mgonjwa mwenyewe, bila kipandikizi.